Jino Lililolala

Justa alicheka kama mtu anayepiga chafya: kiganja kwanza mdomoni, kicheko baadaye. Bibi yake, Kashindye, alikuwa amezoea hata akawa anajua kicheko kinakuja kabla hakijafika, kwa kuuona tu mkono wa kulia wa mtoto ukiacha kazi. Mtoto alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Juu, upande wa kulia, mahali pa jino la chonge, palikuwa na pengo la kupitisha kidole. La kushoto lilikuwa limeota, ila na doa la kahawia kama lililoungua. Shuleni walimwita Geti. Kwenye kwaya ya parokia alijipanga mstari wa nyuma kwa hiari yake, ingawa mwalimu alikuwa amemsihi mara tatu aje mbele aanzishe nyimbo, kwa kuwa sauti ile haikuwa ya kufichwa nyuma ya migongo ya watu.

"Litaota," Bibi Kashindye alisema kila lilipotajwa pengo. "Haraka ya nini? La kwangu liliota nimeshaposwa."

Hilo la kuota ameshaposwa halikuwa kweli. Lakini alilisema miaka miwili mfululizo, mpaka mwenyewe akaanza kulikumbuka.

Nyumba yao ilikuwa juu ya mawe huko Ilemela, vyumba viwili na uwanja mdogo unaotazama ziwa. Ngosha, mwanawe Kashindye, alikuwa machimboni Geita, anakuja Pasaka na Krismasi. Nyumbani walibaki wanawake watatu: Kashindye, mkwe wake Selina, na Justa. Selina alikuwa akichuna sangara kwenye kiwanda cha minofu. Mwaka ule wa tisini na tisa wazungu wa Ulaya wakasimamisha kununua samaki wa ziwa letu, kiwanda kikawa kinawaita wafanyakazi siku moja moja, na Selina akapata siku nyingi za kukaa nyumbani kuliko alizotaka. Mtu akikaa nyumbani huona yale ambayo alikuwa akiyapita. Selina akaliona upya pengo la mwanawe.

Siku moja alirudi na habari. Kulikuwa na daktari wa meno aliyerudi kutoka masomoni, Venant jina lake, yuko hospitali ya misheni kule mbele ya Kisesa, na amekuja na mashine. Haikuwa ile ya zamani ya filamu inayooshwa gizani, mgonjwa akaambiwa njoo kesho. Huyu anaweka mdomoni kitu kidogo kama kiberiti, kina waya, na papo hapo jino linatokea kwenye kioo cha kompyuta, kubwa kama kichwa cha mtu. Hata lililojificha ndani ya mfupa linaonekana.

"Wanasema kiwandani," Selina alimalizia, "inaonyesha jino tangu lilipoumbwa, na kila kilicholipata."

Kashindye alikuwa akichambua choroko kwenye ungo. Vidole vyake vikasimama juu ya kijiwe kimoja, kisha akakirudisha ndani ya choroko badala ya kukitupa.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri hii alikuwa nayo yeye peke yake.

Justa alipokuwa na miezi saba, Selina aliugua homa ya matumbo akalazwa majuma mawili. Mtoto akaachishwa titi ghafla, akabaki na bibi, uji na maziwa ya ng'ombe. Siku ile anaondoka, akiwa anatetemeka ndani ya kanga tatu, Selina aligeuka mlangoni akasema neno moja: "Mama, fizi za mtoto zisiguswe. Nesi wa kliniki amekataza." Kashindye akasema sawa. Alisema sawa kwa moyo wote.

Kumbe mtoto naye akaanza kuharisha. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Macho yakaingia ndani, utosi ukabonyea, kilio kikawa kama cha paka aliyefungiwa stoo. Majirani wakaja, kila mmoja na ulimi wake, na ulimi wa wote ulisema jambo moja: hayo ni meno ya plastiki. Miaka ile ugonjwa huo ulikuwa na jina kila kona. Walimfunua mtoto mdomo wakamwonyesha Kashindye vivimbe viwili vyeupe vya fizi, huku na huku, pale pa chonge. Yasipotolewa, walisema, mtoto haoni Jumapili. Na mtoto wa jirani wa tatu kutoka pale alikuwa hakuiona Jumapili.

Basi akambeba mgongoni, bila kumwambia mtu, asubuhi ya jua kali, mpaka kwa mama mmoja aliyesifika kwa kazi hiyo. Spoku ya baiskeli, imenolewa. Kashindye mwenyewe ndiye aliyeshika kichwa. Vikatoka vitu viwili vyeupe, laini, kama mbegu za boga changa. Akaambiwa akavitupe ziwani bila kugeuka nyuma, naye akavitupa, akarudi akisugua mikono kwa mchanga mpaka ikamuuma. Baada ya juma moja mtoto akapona. Selina aliporudi akauliza fizi zina nini, mbona zimechubuka. Kashindye akamjibu ni utando, umeshapakwa dawa.

Miaka kumi na miwili aliishi na mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja: kwamba alimwokoa mtoto, na kwamba alimdanganya mama wa mtoto. Pengo lilipoanza kuonekana, likaja la tatu, ambalo hakulipa jina. Na kuanzia siku ile ya spoku hakuwahi tena kugusa fizi ya mtoto yeyote. Wajukuu wengine walipoota meno, watu wakiita njooni mguse, yeye alikuwa na maji ya kuteka.

Sasa mashine ilikuwa imekuja kuona kila kilicholipata jino.

Juma lile Kashindye aliumwa mgongo. Juma lililofuata ukawa mguu. Baadaye akasema hospitali ya mbali hivyo kwa ajili ya jino si jambo la watu wazima. Selina hakubishana. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, anayechuna samaki na maneno kwa namna moja, anaacha mfupa tu. Alisema wataenda Jumanne, na kama mama hawezi kutembea, abaki.

Kashindye akashuka kwa Akeyo, jirani yake, mama wa Kijaluo kutoka Shirati aliyekuwa akianika dagaa kwenye jiwe la chini. Akeyo hakuwa na meno sita ya mbele ya chini. Yaling'olewa alipokuwa msichana, kwa desturi ya wazee wao, na hewa ilipita pale na kuyapa maneno yake mluzi kidogo.

"Nyumba nzima haina amani kwa jino moja," Akeyo alimtania. "Mimi walinitoa sita, na wanaume wawili wakavunjana fimbo kwa ajili yangu. Huyo mtoto wenu ana bahati, pengo lake ni la kujifunzia tu."

Kashindye hakucheka. Akauliza, kama anayeulizia bei ya vitunguu, iwapo hiyo kompyuta inaweza kuona mambo ya zamani.

Akeyo alimwangalia, dagaa mkononi.

"Ya zamani ya nani, Mama Ngosha?"

"Nimeuliza tu."

"Haya, umeuliza tu." Akaendelea kutandaza dagaa. Kisha bila kuinua kichwa akasema, "Kwetu wanasema na kwenu wanasema: mficha uchi hazai."

Jumanne Kashindye alikuwa wa kwanza kuvaa. Kama jambo lingesemwa, alitaka liwe mbele yake, si nyuma ya mgongo wake.

Daktari Venant alikuwa kijana kuliko walivyomdhania, mrefu, na akiinama kumsikiliza mtu alionekana kama anayepita kwenye mlango mfupi. Aliwasalimu shikamoo wote wawili, akianza na bibi. Kisha akamkalisha Justa kwenye kiti kinacholala, akamwuliza darasa, akamwuliza kwaya, mpaka mtoto akasahau kufunika mdomo. Baada ya hapo akachukua karatasi akauliza maswali: magonjwa, homa, kuanguka. Katikati ya maswali, kwa sauti ile ile, akasema:

"Alipokuwa mchanga, aliwahi kutolewa meno ya plastiki?"

"Hapana," Selina alijibu haraka. "Mimi nilikataza kabisa."

Kalamu ikaandika. Kashindye alikunja pindo la kanga yake, akalikunjua, akalikunja.

Kile kitu kidogo kama kiberiti kilivishwa kimfuko cha nailoni kikaingizwa mdomoni mwa Justa. Daktari akawaomba watoke nje ya mlango, ikasikika kama kidole kinagonga bati mara moja, wakarudi. Hawakuwa wamekaa vizuri picha ikatokea. Kashindye alikuwa amejiandaa kuona jambo la kutisha, lakini aliona kijivu na cheupe, kama mawingu ya masika juu ya ziwa. Daktari akabonyeza, mawingu yakakua. Akabonyeza tena, yakang'aa, na sasa hata asiyesoma aliona meno yamesimama kwenye mstari kama watoto wa shule. Juu yao, ndani kabisa ya mfupa, kulikuwa na jino moja limelala ubavu.

"Lipo," Selina alinong'ona.

"Lipo," alisema daktari. "Halijapotea. Limelala."

Limelala kama ndama, Kashindye aliwaza, ndama aliyekunja miguu akisubiri mama yake arudi malishoni. Miaka yote hiyo mtoto alikuwa na jino lake.

Lakini daktari alikuwa bado anaitazama picha. Kidole chake kilionyesha mahali mbele ya jino, penye vipunje vyeupe vitatu vinne, kama chenga za mchele. Alivitazama kwa karibu, akavikuza, akavirudisha. Kisha akavuta kiti akakaa, ili aongee nao macho kwa macho.

Aliwaeleza taratibu. Vipunje vile ndivyo vilivyolizuia jino. Vingeweza kuwa vimetokana na jeraha la utotoni, mbegu ya jino ikiumizwa huacha chenga kama hizo. Ingekuwa hivyo, kazi ni nyepesi: fizi inafunguliwa kidogo, chenga zinatolewa, jino linafungwa kicheni chembamba na kuvutwa polepole na nyaya, mwaka au zaidi, mpaka lishuke mahali pake. Lakini vingeweza pia kuwa uvimbe unaokua, na uvimbe wa namna hiyo hauchezewi. Hapo ingebidi wampeleke Dar es Salaam, wakate kipande cha mfupa, na jino litoke pamoja nacho.

"Sasa mama anasema hakukuwa na jeraha," alisema. "Ndiyo maana naogopa hilo la pili."

"Mashine haisemi?" Selina aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Mashine inaonyesha kilichopo, mama. Haisemi kilifikaje pale."

Kashindye alisikia maneno hayo yakimwingia moja moja. Kumbe ile mashine haikujua. Aliiogopa juma baada ya juma, akaumwa mgongo na mguu kwa ajili yake, na yenyewe ilikuwa imekaa pale mezani haina habari. Hakuna aliyejua. Yule mama wa spoku alishafariki. Angenyamaza tu, angerudi nyumbani kama alivyotoka, mkwe wake akimheshimu, mjukuu akimwita bibi. Na jino lingeng'olewa pamoja na mfupa likiwa zima.

Kwenye kile kiti Justa alikuwa amegeuza shingo anaitazama picha. Ulimi wake ulikuwa unapapasa pengo, kwa ndani, kama anayebisha hodi.

"Daktari," Kashindye alisema. "Mtoto alitolewa."

Akaendelea haraka, asije akakosa nguvu.

"Mama yake hasemi uongo, hajui. Alikuwa amelazwa. Mtoto aliharisha siku tatu, akawa anakwenda. Nilimpeleka mimi. Nilimshika kichwa kwa mikono hii. Vilitoka viwili, vyeupe kama hivyo hivyo." Alielekeza kidole kwenye kioo, kisha akakirudisha haraka chini ya kanga. "Alinikataza, Mama Justa. Nikasema sawa, halafu nikafanya."

Daktari alichukua kalamu, akakata neno kwenye karatasi, akaandika jingine. Aliuliza mwaka, akauliza kama ni juu tu au na chini. Sauti yake haikubadilika hata kidogo, na Kashindye alimshukuru kimoyomoyo kwa hilo. Kisha akauliza mtoto alipewa nini baada ya hapo. Kashindye akasema hakupewa dawa yoyote, ila maji ya chumvi na sukari, yale ambayo redioni walikuwa wanafundisha, kijiko kwa kijiko, juma zima, maana mtoto hakuwa na nguvu ya kunywa kwenye kikombe.

"Basi ndiyo yaliyomponya, bibi," alisema daktari. "Yale meno hayakuwa ya plastiki. Zilikuwa mbegu za meno yake ya utoto. Aliponywa na hicho kijiko."

Selina alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwao. Nje kulikuwa na mwanamke anafua mashuka ya hospitali, na Selina alimtazama kama vile kufua lilikuwa jambo ambalo hajawahi kuliona.

"Miaka kumi na miwili, mama," alisema mwishowe. "Nimekaa nikijiuliza kama ni homa yangu ndiyo iliyomharibu. Kama ni dawa nilizokunywa nikiwa bado namnyonyesha."

Kashindye hakuwa amelifikiria hilo hata siku moja. Aliyafikiria makosa yake pande zote, akayageuza kama chapati, lakini upande huo hakuwahi kuuona: kwamba mwenzake alikuwa amebeba mzigo wake yeye, kimya, chini ya paa moja. Machozi yakamtoka bila sauti.

Justa ndiye aliyeshuka kwenye kiti, na kile kitambaa cha karatasi bado kifuani, akaja akasimama mbele ya bibi yake.

"Iliniuma?"

"Ulilia mpaka sauti ikakauka, mke mwenzangu."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Mtoto akafikiri. Halafu akakaa kwenye benchi kando yake, bega kwa bega, akarudi kutazama picha ya jino lake.

Wakati wa kurudi, Selina alitangulia. Walipofika chini ya mawe ya nyumbani alikuwa mbele sana, kanga yake ya bluu ikipanda peke yake. Kashindye alijiambia ni haki, mtu akiumia aachwe atembee. Lakini walipofika pale penye jiwe la kuteleza, ambapo kila mara alimshika Justa mkono, walimkuta Selina amesimama. Alinyoosha mkono wake wenye makovu ya visu vya kiwandani, akamvuta mkwewe juu, na alipokwisha kumvuta hakuuachia mpaka uwanjani. Jioni alipakua ugali, akamwekea yeye wa kwanza kama siku zote. Kwa siku nyingi baadaye hapakuwa na maongezi marefu kati yao. Ila sahani ilikuja, na maji ya kunawa yalikuja, na baada ya miezi miwili mazungumzo nayo yakaja yenyewe, kama mgeni aliyekuwa amesusa.

Chenga zilitolewa mwezi wa sita. Zilipimwa, hazikuwa na ubaya wowote. Jino likafungwa kicheni, nyaya zikapita juu ya meno, na watoto shuleni wakaacha Geti wakamwita Fensi, jina ambalo yeye mwenyewe aliliona lina cheo. Kila walipokwenda kukaza nyaya, Kashindye alikwenda. Alimwomba daktari amwonyeshe picha ya kwanza na ya siku hiyo, sambamba, naye alizihifadhi zote kwenye disketi iliyoandikwa jina la Justa. Mwezi hadi mwezi ndama aliinuka. Kwanza kichwa, kisha magoti. Bibi aliyeishia darasa la tatu akawa anasoma picha za kompyuta kuliko wauguzi, akimweleza Akeyo jinsi mizizi inavyokaa, mpaka Akeyo akasema kwamba akiendelea hivyo atakuja kumwomba amtafutie yake sita.

Ilikuwa Jumamosi, mwaka mwingine ulikuwa umeingia. Justa alikuwa amekaa kizingitini na kioo kidogo, amevuta mdomo juu kwa kidole. Selina alikuwa anasuka ukili. Ghafla mtoto akashusha kioo.

"Bibi. Njoo uguse."

Kashindye alitazama ndoo. Ilikuwa imejaa, hapakuwa na maji ya kuteka. Akamtazama Selina, na Selina akaendelea kusuka, ila akasema bila kuinua macho, "Sabuni iko juu ya pipa, mama."

Akanawa mikono. Alinawa muda mrefu, kati ya vidole, chini ya kucha, akaisuuza mara mbili. Akachuchumaa mbele ya mjukuu wake, na Justa akafungua mdomo mbele ya mwanga wote wa ziwa, bila kujifunika. Kidole cha Kashindye kikaingia, kikafuata waya, kikafika pale.

Fizi ilikuwa ya moto na laini. Na katikati ya ulaini huo, kidogo kama punje ya uwele, kulikuwa na kitu kigumu kinachosukuma kutoka ndani.

"Unalisikia?" Justa aliuliza, kidole kikiwa bado mdomoni.

"Nalisikia," alisema bibi yake, wala hakukiondoa haraka.